Gesi ya Zamani na Haki ya Jirani

Liko swali ambalo wengi hulidhani ni la mafundi na wafanyabiashara tu, nasi twaona ni swali la dhamiri. Sheria njema inapowekwa kwa faida ya watu wote, ni nani apaswaye kulipa gharama yake? Twauliza hivyo kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho, yaani gesi ya kupozea iliyomo ndani ya viyoyozi vya zamani, ambayo mafundi huiita R-22.

Msomaji asiye na kiyoyozi nyumbani asigeuze ukurasa. Kwanza, viyoyozi si mali ya matajiri peke yao tena. Hapa Morogoro utavikuta katika zahanati, katika maduka ya dawa, katika nyumba za wageni, na katika nyumba za watumishi wa kawaida kule Kihonda na Kichangani, wengine wakiwa wamevinunua vikuukuu kwa fedha walizozidunduliza. Pili, kama tutakavyoonyesha, asiye na mashine hii ana haki yake katika shauri hili, na pengine haki kubwa kuliko mwenye nayo.

Habari yenyewe ni fupi. Mwenye kiyoyozi cha zamani humwita fundi kwa kuwa chumba hakipoi. Fundi hupima, kisha husema gesi imepungua, na ya namna ile imekuwa ngumu kupatikana, na bei yake si ile ya zamani. Mwenye nyumba hunung'unika. Hudhani ni hila ya fundi, au uchoyo wa mwenye duka. Mara nyingine ni kweli. Lakini iko sababu iliyo kubwa kuliko uchoyo wa mtu mmoja, na kabla ya kumhukumu yeyote yatupasa kuijua.

ASILI YA UHABA HUU

Gesi za kwanza zilizotumika katika majokofu ziliweza kuua mtu zikivuja ndani ya nyumba. Kwa hiyo wataalamu wa Marekani, Thomas Midgley akiwa mmojawapo, walipotoa karibu na mwaka 1930 gesi mpya zisizowaka moto wala kuwa na sumu, ulimwengu ulishangilia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndipo mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha kwamba gesi hizo hupanda juu sana angani bila kuoza, na huko huvunja ozoni, lile tabaka linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga juu ya Ncha ya Kusini walitangaza kwamba ozoni ya huko ilikuwa imepungua mno kila majira ya kuchipua. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia sahihi Itifaki ya Montreal ili kuziondoa gesi hizo. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993.

R-22 ni ndugu wa gesi hizo, ila madhara yake kwa ozoni ni machache kuliko ya wenzake. Kwa sababu hiyo iliachwa itumike kwa muda mrefu zaidi. Lakini mwisho wake nao umepangwa. Nchi zinazoendelea, yetu ikiwamo, zilitakiwa kutokuongeza matumizi ya gesi za jamii hiyo tangu mwaka 2013. Kupunguza asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 zitaondolewa karibu zote, isipokuwa sehemu ndogo ya kuhudumia mashine zilizopo hadi mwaka 2040. Marekani ilikwisha kukomesha utengenezaji na uingizaji wa R-22 mpya tangu tarehe 1 Januari 2020. Ulaya ilitangulia, ikakataza gesi mpya katika matengenezo tangu mwaka 2010, na hata ile iliyokusanywa na kusafishwa tangu mwaka 2015. Sisi hatuitengenezi, kila mtungi unaoonekana madukani umetoka ng'ambo. Basi kitu kinachopunguzwa kwa makusudi hakikosi kuadimika, na kilichoadimika hupanda bei.

Tena kuna dhara la pili. Kilo moja ya R-22 ikiachiwa hewani huipasha dunia joto, katika muda wa miaka 100, sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa. Mtu angelazimika kuchoma zaidi ya lita 700 za petroli ili kufikia kiasi hicho. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hubeba gesi ya karibu kilo moja, pengine pungufu kidogo. Basi fundi anayeifungua nati na kuiacha gesi iende zake, kwa dakika chache tu, amefanya jambo lisilolingana kabisa na udogo wa sauti ile ya kufoka aliyoisikia.

JE, JIRANI NI NANI?

Tusiseme uongo ili kutetea jambo jema. Tundu la ozoni halipo juu ya Morogoro. Limekuwa juu ya Ncha ya Kusini, na katika nchi zilizo karibu na ikweta ozoni haikupungua sana. Kwa hiyo mtu wa Morogoro anayeachia gesi hewani hataona ngozi yake ikiungua kwa ajili ya gesi ile. Atakayepata hasara yuko mbali, wala hawatajuana kamwe.

Lakini hapo hasa ndipo penye uzito wa swali letu. Kumtendea haki mtu tunayemwona si kazi kubwa: macho yake yatusuta. Haki hujaribiwa tunapoweza kumdhulumu mtu asiyetuona, asiyejua jina letu, na asiyeweza kutupeleka mbele ya baraza.

Watu wa Morogoro wapaswa kulielewa jambo hili upesi, maana maisha yao yote yanategemea majirani wasioonana. Maji ya milima ya Uluguru hushuka katika mto Ngerengere na kuingia bwawa la Mindu, mji ukanywa. Maji mengine ya milima hiyo hiyo huingia mto Ruvu, na mamilioni ya watu wa Dar es Salaam na Pwani hunywa. Anayekata msitu kule juu hamjui mama wa Kimara atakayefungua bomba likawa kavu. Hata hivyo hakuna atakayesema kwamba, kwa kuwa hamjui, hana deni kwake. Tumezoea kumwambia mtu wa mlimani, kwa ukali pengine, Usikate mti, wengine wanakunywa! Basi na mtu wa mlimani ana haki ya kutujibu sisi wa mjini, Nanyi msiachie gesi, wengine tunangoja mvua.

Kwa maana yeye ndiye jirani tuliyemsahau. Mkulima wa Mgeta, alimaye mboga zinazouzwa mpaka Dar es Salaam, hana kiyoyozi wala hakihitaji. Baridi ya mlima huipata bila kulipa. Joto la dunia linapozidi na majira ya mvua kuyumba, yeye asiyenunua hata gramu moja ya gesi ile ndiye ashikwaye kwanza, kwa kuwa shamba lake halina akiba wala bima. Ndiyo sababu tulisema kwamba asiye na mashine ana haki kubwa katika shauri hili.

MANUNG'UNIKO YENYE HAKI

Hapa twasikia sauti ikisema, Lakini walioharibu anga ni mataifa makubwa! Walijipoza kwa miaka mingi, wakatajirika, na sasa sisi tunaoanza kupata nafuu kidogo twaambiwa gesi imekwisha. Je, hii ni haki?

Hatutaki kulipuuza neno hili, kwa maana lina kweli ndani yake. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wazee. Na mataifa yenye nguvu yamezoea kutafuta Mnyamwezi wa kumtwika. Mataifa yenyewe yalikiri jambo hilo. Ndiyo maana nchi maskini zilipewa muda mrefu zaidi kuliko tajiri, na mwaka 1990 mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa pamoja, unaojazwa na nchi tajiri, ili kulipia mafunzo na vifaa katika nchi kama yetu. Hii ni haki, wala tusiiite hisani.

Hata hivyo haki iliyoandikwa kule juu yaweza kupotea njiani kabla ya kufika nyumba ya mwisho. Historia ya Uluguru inatufundisha. Baada ya mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi katika mashamba yao ya milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Shabaha ilikuwa njema: udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, na mito ilikuwa ikiharibika. Lakini kazi yote ilibebwa na mkulima na mkewe kwa jembe la mkono. Mahali pengi ngazi hizo zilifukua udongo usio na rutuba na kuufunika ule mzuri, hata mavuno yakapungua. Aliyeamuru hakupungukiwa na chochote. Mwaka 1955 watu wakainuka pale Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Kwa muda mrefu baadaye, neno la kuhifadhi udongo lilisikika milimani kama neno la dhuluma, na mlima ukapata hasara mara mbili.

Fundisho lake ni wazi. Sheria njema inayomtwika mzigo mtu wa mwisho peke yake huiharibu hata shabaha yake. Watu wataikwepa, na pengine wataichukia kweli yenyewe iliyomo ndani yake. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa gesi hii, kama mwenye zahanati atapokea agizo na bei mpya bila msaada wala maelezo. Atatafuta mtungi wa magendo, na kati ya wanaouza magendo mko wanaouza kifo. Mwaka 2011 mitambo ya makontena ya baridi ililipuka huko Vietnam na Brazil, na mafundi wakafa, kwa sababu ya gesi bandia iliyochanganywa na kitu cha hatari na kuuzwa kwa jina la gesi halali.

Lakini manung'uniko yenye haki hayampi mtu ruhusa ya kudhulumu. Ikiwa tajiri alinichafulia kisima, sipati haki ya kukichafua nacho kisima cha jirani yangu maskini. Deni la tajiri lidaiwe, tena kwa sauti kubwa. Na deni letu lilipwe.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Je, mwenye kiyoyozi cha R-22 amefungwa na dhamiri kukitupa? Twajibu, La. Itifaki yenyewe haikudai hivyo. Imeacha gesi kidogo kwa ajili ya mashine zilizopo. Mashine nzima isiyovuja haidhuru ozoni kwa gesi iliyofungwa ndani yake. Tena kuitupa ovyo jalalani, ili mabomba yake yakatwe na kuuzwa kama shaba, ni kuiachia gesi yote kwa mara moja. Mtu maskini asitishwe kwa kubebeshwa dhambi asiyoitenda.

Lakini liko jambo analopaswa kulifahamu, na tungependa kila baba na mama wa nyumba alikariri. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa au kama gesi ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, siku zote ile ile. Ikiwa imepungua, basi imevuja, wala hakuna sababu nyingine, isipokuwa haikutiwa ya kutosha tangu mwanzo. Kwa hiyo anayejaziwa gesi kila mwaka bila tundu kutafutwa, kwa kweli hununua gesi ili kuimwaga angani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika shauri hili ukuta hujengwa kwa fedha za mwenye nyumba na kwa mvua ya mkulima wa Mgeta.

Sasa tumtazame fundi, maana jaribu lake ni kali kuliko tunavyodhani. Fundi mwaminifu hutaka kulitafuta tundu, kulichomelea, kuitoa hewa na unyevu ndani ya mabomba kwa pampu, ndipo ajaze gesi kwa kipimo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, nayo hugharimu. Mwenzake huunganisha mtungi, hujaza, na kuondoka baada ya nusu saa kwa malipo madogo. Mwenye nyumba humsifu huyu wa pili na kumwita wa kwanza mwizi. Baada ya miezi michache chumba hakipoi, humwita tena yule wa rahisi. Hivyo mwaminifu hulala njaa, na mzembe huongeza wateja. Twasema bila kuficha: mteja anayemkimbia fundi mwaminifu ni mshiriki wa kosa la mzembe. Asilaumu mafundi wa siku hizi wala bei ya gesi, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuharibu.

Kwa fundi twasema haya. Usiifungue gesi hewani. Ikusanye katika mtungi kwa mashine yake, maana gesi iliyokusanywa na kusafishwa yaweza kutumika tena, na thamani yake yazidi kadiri mpya inavyoadimika. Usitie gesi ya namna nyingine ndani ya mashine isiyoundwa kwa ajili yake. Ile ya R-410A ina mgandamizo mkubwa kuliko R-22 kwa zaidi ya nusu, na mashine ya zamani haikujengwa kuustahimili. Gesi za jamii ya ile ya kupikia huwaka moto. Ziko mashine mpya zilizoundwa kwa ajili yake na ni salama, lakini kuitia katika mashine ya zamani ndani ya chumba wanamolala watoto ni kucheza na roho za watu. Kama huna ujuzi, vyuo vya ufundi vipo; kujifunza si aibu.

Mwenye duka naye akumbuke kwamba uhaba si ruhusa ya kunyonya. Apate faida ya haki, asifiche mitungi akingoja bei ipande, wala asimwuzie mtu asiyejua mashine kuukuu iliyokataliwa kwao, akiisifu kwa urahisi wake na kuficha kwamba gesi yake inakoma. Urahisi wa namna hiyo ni mtego, na anayenaswa ni mtu wa mshahara mdogo.

Serikali yetu, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zilizofuata, imekwisha kuziweka gesi hizi chini ya uangalizi. Twaiomba iendelee hadi nyumba ya mwisho: mafunzo yamfikie fundi wa mtaani, na si wale wa makampuni makubwa tu, mashine za kukusanyia gesi zipatikane mikoani, zahanati na hospitali zifikiriwe kwanza, kwa sababu ubaridi wao hulinda dawa na uhai. Magendo yazuiwe bandarini na mipakani, kabla hayajafika kwa mjane aliyeuziwa mtungi asioujua.

KIPIMO CHA MAHITAJI

Tukiishia hapa tutakuwa tumesema nusu tu. Mtu aweza kuinunua mashine mpya na kujiona msafi. Lakini R-410A, iliyoingia mahali pa R-22, haiharibu ozoni, ila huipasha dunia joto zaidi ya R-22 yenyewe. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, nchini Rwanda, yakakubali kuzipunguza na gesi za jamii hiyo pia. Anayenunua leo aulize gesi iliyomo: R-32, kwa mfano, ina nguvu ya joto isiyofika theluthi moja ya ile ya R-410A. Aulize vilevile mashine hula umeme kiasi gani, kwa kuwa gharama hiyo italipwa kila mwezi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alivitaja viyoyozi kwa jina, kama mfano wa mazoea yanayokua yenyewe kwa kusukumwa na soko bila watu kujiuliza. Hakusema kwamba mgonjwa aachwe na joto. Alitutaka tujiulize. Nasi twauliza: kwa nini twajenga nyumba zenye madirisha madogo yasiyopitisha upepo, na mabati bila dari, twakata mwembe uliotia uani kivuli, kisha twanunua mashine ya kurudisha kile tulichokifukuza? Wazee walijua kuukinga ukuta kwa baraza na kuuelekeza mlango kwenye upepo. Baridi ya namna hiyo haivuji.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, jibu la swali letu ni hili. Gharama ya jambo jema ilipwe na kila mtu kwa kadiri ya sehemu yake katika dhara na kwa kadiri ya uwezo wake: mataifa tajiri kwanza, kisha wafanyabiashara wanaopata faida, kisha sisi wenye mashine. Asiyekuwa na sehemu yoyote asilipishwe hata senti. Juma hili, mwenye kiyoyozi kilichojazwa gesi mara mbili au zaidi amwite fundi mwaminifu, amwambie atafute tundu, na amlipe ujira wake wote bila kunung'unika.